Uzi: Bichi Kigoma, mshikaji wetu mweusi kuliko wote akageuka shati na meno

Mwisho wa Reli (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeukalia tangu Nanenane. Kila nikitaka kuuandika naona aibu, maana kosa lilikuwa langu.

Tulikuwa sita. Watatu walipanda treni Dar, mmoja akaingilia Tabora na kidumu cha asali, mimi na mshikaji mmoja ndio wenyeji hapa Kigoma. Huyo mwenyeji mwenzangu nitamwita Bwashee, kwa sababu ndivyo anavyomwita kila mtu. Dereva wa lori, mtu wa Kasulu, mweusi tii, ule weusi wa kung'aa. Mpiga picha nikawa mimi, kwa kuwa nina kamera ya mtumba yenye lenzi ya 50 mm, f/1.8, na kwa kuwa nilijitapa kwenye grupu wiki nzima.

Siku ya kwanza tukaenda Jakobsen, bichi ya Ziwa Tanganyika. Mnaoijua mnajua: unapita Katonga, unashuka, mlima wenye miti uko mgongoni, mbele mchanga na maji ambayo kokoto za chini unazihesabu. Wa Dar wakachanganyikiwa. Mmoja aliyaonja kabisa ahakikishe hayana chumvi. Kuanzia saa 8 mchana mpaka jua linazama nikafyatua picha 412. Kila nikichungulia kioo cha kamera naona ziwa linameta, najipongeza.

Usiku tukarudi kwangu Mwanga, nikaunganisha laptop na runinga. Tunakula migebuka, kila mtu anashangilia picha yake. Ikafika ile ya pamoja, jua linazama, tumejipanga mstari, ziwa nyuma yetu linawaka kama bati jipya. Bwashee akaacha kutafuna. "Kumbe mimi sikwenda?"

Tulicheka mpaka mtu akapaliwa na mwiba. Naye akacheka. Ila nilipoendelea kupitisha, mwenzenu sikucheka tena. Picha za pamoja zilikuwa 19, na katika zote 19 Bwashee ni shati la njano na meno. Na ndiye aliyebeba deli la vinywaji kutoka kwenye gari hadi mchangani, akalipandisha tena kilima jioni.

Wengine walipolala nikamuuliza mbona kwenye profile yake siku zote ni lori. Akasema, "Mimi na picha haziivi, bwashee. Tangu shule."

Nikakesha nasoma. Nilichoelewa ni hiki: kamera haijui kama mbele yake kuna mtu au kuna ng'ombe. Inapima mwanga wote uliomo kwenye fremu na kuuvuta uje kati, kwenye kijivu. Ukisimamisha watu dhidi ya ziwa linalometa na mchanga unaong'aa, inaona mwanga ni mwingi mno, inabana. Ziwa linatoka zuri. Mweupe wa kundi anapona, maji ya kunde anaponea chupuchupu, mweusi anazama. Halafu jua la saa 8 huku kwetu bado liko karibu na utosi, macho yanakuwa mashimo.

Asubuhi yake nikamwamsha peke yake. Saa 1 na nusu tuko bichi, hakuna mtu. Jua limeshatoka ila liko nyuma ya mlima, ufukwe wote kivulini, na mbele ni anga jeupe juu ya ziwa, kubwa kama kitaa. Nikamgeuza atazame Kongo, ambayo kwa ukungu wa mwezi wa 8 wala haionekani, nikasimama kati yake na maji, nyuma yake ile miti ya giza. Nikapima mwanga usoni kwake tu. Picha ya kwanza akatoka rangi ya majivu! Maana safari hii kamera imeona kila kitu ni cheusi, ikafungulia mwanga mpaka ikamchujua. Nikapunguza hatua moja. Akarudi yeye.

Niwaeleze nilichokiona kwenye kioo. Alikuwa ametoka kunawa uso ziwani. Mwanga wa anga umemkalia kwenye paji la uso, ukateremka pembeni ya pua, ukashika mfupa wa shavu. Juu ya jicho la kushoto kuna kovu dogo la kukunjamana. Miaka 9 tunafahamiana, sikuwahi kuliona. Tone la maji limeganda kwenye kope. Nikamwonyesha. Akaishika kamera kwa mikono miwili, akanyamaza, kisha akasema, "Huyu ni baba yangu huyu."

Kwa hiyo hoja yangu wakuu: ukiwa na kundi ufukweni, usipime mwanga kwa ziwa wala kwa mrembo wa kundi. Pima kwa yule mweusi kuliko wote, kisha punguza kidogo abaki na weusi wake. Wengine watafuata. Wataalamu nisahihisheni.

---

Kiazi Mbatata

Umeandika gazeti zima halafu picha hakuna. Uzi bila picha ni porojo.

Mwisho wa Reli

Mwenyewe amekataa zisiwekwe humu. Sura ni yake.

---

Nyumba ya Karanga

Mkuu unajitesa. Simu za siku hizi zina kitufe cha kung'arisha uso. Unabonyeza, mnatoka wote weupe, mnaenda kula.

Dada wa Katubuka

Hicho kitufe ndicho kilichoniharibia send-off ya mdogo wangu. Ametoka na uso wa maji ya kunde na mikono ya kwake. Wakwe wakauliza amejipaka nini.

---

Mzee wa Filamu

Vijana, hamjambo. Mimi nilikuwa na studio Ujiji tangu mnazaliwa wengi wenu, sasa macho yamechoka. Kijana kasema kweli, ila anadhani kagundua jambo jipya.

Enzi zetu filamu moja picha 36. Hakuna cha 412, ungeuza nyumba. Ndani ya boksi la filamu mlikuwa na karatasi yenye vibonzo vya jua na mawingu: jua kali, weka 16 kwenye tundu la lenzi linalopitisha mwanga, na kasi ya kufyatua iwe sawa na namba ya filamu. Karatasi ile haikuwa na kibonzo cha mtu mweusi. Tulijifunza wenyewe. Akija mteja mweusi sana tunafungua tundu moja zaidi, akiwa juani na kofia tunafungua mawili. Na tunampaka mafuta kidogo usoni. Mafuta, siyo poda! Poda inafubaza. Ngozi nyeusi inaonekana kwa mng'ao wake. Ukiifuta mng'ao umefuta uso.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba filamu za rangi na mashine za kusafishia zilikuwa zinasawazishwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, ya kampuni ya filamu ya Kodak, ikazoeleka kama kadi ya Shirley. Akitoka vizuri Shirley, mashine iko sawa. Na malalamiko yaliyosikika mpaka rangi za giza zikatengenezwa vizuri zaidi ni ya watengeneza chokoleti na watengeneza samani, kwamba bidhaa zao zote zinatoka rangi moja. Samani na chokoleti vikatangulia, sisi tukafuata nyuma. Nililicheka jambo hilo peke yangu, mama akaniuliza kuna nini.

Mwisho wa Reli

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kufungua na kubana nimechanganyikiwa. Wewe unasema fungua, mimi asubuhi nilibana.

Mzee wa Filamu

Marahaba. Hatupingani. Mimi nilikuwa sipimi kwa uso, napima kwa jua, kwa hiyo namwongezea. Wewe umepima kwa uso wake, kamera ikamdhania ni kijivu, ukampunguzia. Tumekutana mlango mmoja, mwingine kapita uani.

---

Mweupe wa Kundi

Naomba na sisi tutetewe. Mkipima kwa mweusi wenu, mimi naungua. Nina picha za Bangwe nimetoka karatasi yenye nyusi.

Mwisho wa Reli

Pole dada. Hilo lilinikuta siku ya tatu, yule wa Tabora ni mweupe sana. Kwenye jua kali halitibiki, tofauti inakuwa kubwa mno. Kivulini ndiyo inawezekana. Tulikaa chini ya mwembe, Bwashee upande wa mwanga, wa Tabora ndani zaidi, hatua mbili tu nyuma. Nikachukua mfuniko wa deli, ule mweupe, mshikaji mmoja akaushika usawa wa kiuno akiuelekeza kwa Bwashee. Uso ukaamka. Anayeushika lazima awe mvumilivu, wetu alikuwa anaugeuza geuza kama anapepeta mchele.

Mzee wa Filamu

Sisi tulitumia shuka. Na uangalie chini ya mwembe: majani yanatupa ukijani usoni. Sogea ukingoni mwa kivuli, pale unapoona anga.

---

Kibirizi Kwetu

Mtoa mada umeeleza vizuri ila umeacha la muhimu kwa wageni. Kigoma tunatumia saa ya Dar lakini jua si la Dar. Tuko magharibi kwa karibu nyuzi kumi, kwa hiyo jua linatuchelewa kama dakika 35 hadi 40. Utosini linafika karibu saa 7, siyo saa 6. Kuzama ni kati ya saa 12:50 jioni na saa 1:25 usiku kutegemea mwezi, na milima ya Kongo inalimeza dakika chache kabla. Wageni wa Dar saa 12 kamili wanakimbilia bichi wakidhani wanachelewa, wanapiga picha jua bado kali, saa 12 na nusu wamechoka, wanafungasha. Mwanga mzuri ndiyo unaanza kupika chai.

Pili, kiangazi moshi na vumbi ni vingi, jua linakuwa duara jekundu unaloweza kulitazama, na mwanga wake ni laini mno. Watu wanalalamika hawaoni Kongo. Kwa sura za watu, ukungu ule ni zawadi. Ukitaka milima ing'ae, njoo mvua zimeanza, asubuhi baada ya mvua ya usiku. Lakini hapo unapiga milima.

Tatu, msije na picha za zamani kichwani. Maji ya ziwa yamepanda miaka hii, sehemu tulizokuwa tunacheza mpira ni maji matupu.

Mwisho wa Reli

Hili la saa ningelijua mapema. Picha pekee ya pamoja iliyookolewa ni ya jioni nyingine, siyo kwenye zile 19, saa 1 na robo usiku, jua limeshaingia. Tulikuwa tunakusanya vitu tuondoke. Anga lote la magharibi limebaki kama shuka la waridi, hakuna mwenye kivuli, hakuna anayekunja uso. Nikawaambia geukeni mtazame ziwa, mimi nikaingia majini mpaka magotini. Ilibidi kasi ishuke hadi 1/60 ya sekunde na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ipande hadi 1600, kwa hiyo picha ina chengachenga. Bwashee yupo. Amebeba deli begani.

---

Pua Kubwa

Swali la kizushi. Mimi sina kamera, nina simu. Kwa nini selfie za bichi pua yangu inafika kabla yangu?

Mwisho wa Reli

Mkono wako ni mfupi mkuu. Simu ikiwa karibu na uso, pua iko karibu mno na lenzi kuliko masikio, inakuzwa. Mpe mtu simu, arudi hatua tatu nne, avute mara 2. Kisha agonge kwenye uso wako kioo kipime hapo, na kile kijua kinachotokea akiteremshe kidogo. Na ufute lenzi! Mikono ya bichi ina mafuta ya samaki.

---

Mama Dagaa

Nimesoma kimya kimya, sasa niseme. Mimi naanika dagaa mwaloni, sitaji wapi. Nyie watu wa kamera mnapenda sana kuja kwetu mkisema "mandhari". Mtu anakupiga picha umeinama, kanga imelegea, umenuka samaki, halafu anaondoka hata salamu hajatoa. Kesho unajiona kwenye simu ya mtoto wa jirani.

Ukitaka kuwapiga picha rafiki zako mwaloni, salimia kwanza. Nunua hata fungu moja. Tuambie mnapiga wapi, tutasogea au tutakaa vizuri, wengine tunapenda picha kuliko nyie. Na msikanyage dagaa. Mwaka huu kijana amerudi nyuma "apate fremu", kasimama katikati ya uanikaji wangu.

Kibirizi Kwetu

Pole mama. Na kwa wanaotaka zile taa za wavuvi usiku nyuma ya rafiki yao: angalieni mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika, taa hazivuti samaki. Njooni mwezi ukiwa haupo. Rafiki akae kimya kama nguzo sekunde mbili, tatu, mumwangazie na tochi ya simu iliyofunikwa leso nyeupe.

---

Nyumba ya Karanga

Haya mambo yote kwa ajili ya picha ya bichi? Kuna mtu analipwa humu?

Dada wa Katubuka

Wewe bonyeza kitufe chako ukale.

Mwalimu wa Sanaa

Nyumba ya Karanga, kuna mzee wa Mali, Malick Sidibé, alifariki 2016. Alikuwa na studio ndogo Bamako. Jumapili vijana wakienda kuogelea na kula kando ya mto Niger, naye anakwenda na kamera. Marafiki wamekumbatiana, chupi za kuogelea, redio mchangani, basi. Mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, wakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote, Mwafrika wa kwanza. Kazitazame ngozi za wale vijana, zilivyo nyeusi na zilivyo na uhai. Picha za bichi za washikaji tu.

Mzee wa Filamu

Na alitumia filamu, siyo 412.

---

Mwisho wa Reli

Mrejesho, wakuu. Wiki iliyopita nikaenda kuprinti ile picha ya asubuhi, kubwa, ya kuweka kwenye fremu. Nikampa kijana flashi nikaenda sokoni. Narudi, Bwashee amekuwa mweupe! Kovu limefutwa, kope zimefutwa, ana ngozi ya sabuni. Kijana anatabasamu: "Nimemng'arisha kidogo bro, hiyo sichaji."

Sikujua nianzie wapi. Hakufanya kwa ubaya, ndivyo anavyofanya kwa wote, na wengi wanamshukuru. Nikamwambia arudishe ilivyokuwa. Akaniuliza mara mbili, "Hivi hivi? Na weusi huu?" Nikalipa ya pili. Ile ya kwanza bado ninayo, siwezi kumpa mtu na siwezi kuichana.

Ya pili imekwenda Kasulu na basi, kwa mama yake. Alipiga simu usiku, Bwashee akaweka spika. Mama hakusema ni nzuri wala mbaya. Aliuliza mbona mwanawe amekonda na nani anampikia.

Kiazi Mbatata

Kwa hiyo sasa profile ni yeye?

Mwisho wa Reli

Bado lori.

Bwashee Mwenyewe

Nimeletewa link ya huu uzi nikiwa Tabora nashusha mzigo. Mwisho wa Reli, tutaongea. Mengine yote ni kweli. Ila mmesema nilibeba deli kama vile lilikuwa na soda tu. Mlipakia na kreti ya maji chini yake, mkanyamaza. Krismasi nakuja bichi, picha nitapigwa, deli abebe wa Dar.